Moyo imara, usiku mfupi: sukari ya damu inavyowagusa wasio wagonjwa Butembo na Beni

Na Mwandishi Wetu, Butembo

Kabla jua halijachomoza, chukudu, yaani baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zinateremka kutoka vilima vinavyoizunguka Butembo, zimesheheni viazi, makaa na mbao. Mji huu umekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, lakini uko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri yake haina mchezo. Msukuma chukudu anasimama kando ya barabara, anakunywa chai iliyokolea sukari, anakula mandazi mawili, kisha anainama tena nyuma ya mzigo wake na kuanza kupanda.

Hapa watu huamini kwamba chai ya namna hiyo inatia nguvu. Wana haki kwa sehemu. Kijana huyo hana kisukari, hana shinikizo la damu, na moyo wake ni wa kuonewa wivu. Sukari aliyokunywa itafika moyoni mwake ndani ya saa hiyo hiyo, na moyo utajua la kuifanya.

Swali la makala haya ni hili: moyo wenye afya hufanya nini na sukari, homoni ya insulini huusaidiaje, na ni mambo gani huanza kuuharibia uwezo huo miaka mingi kabla mtu hajaitwa mgonjwa? Kwa wakazi wa Butembo, na wa Beni iliyo kilomita 54 kaskazini, sehemu ya jibu imo kikombeni. Sehemu nyingine imo katika usiku wasioupata wa kulala.

Moyo hula nini

Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Ili ufanye kazi hiyo hutengeneza na kutumia takriban kilo 6 za ATP, ile kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Akiba yake, hata hivyo, haitoshi zaidi ya sekunde chache. Misuli ya mguu inaweza kupumzika. Moyo hauna likizo.

Mtu akiwa hajala tangu jana usiku, sehemu kubwa ya nishati hiyo, kwa kawaida zaidi ya nusu, hutoka kwenye mafuta. Iliyobaki hutoka kwenye glukosi, yaani sukari ya damu, na kwenye asidi ya laktiki inayotoka katika misuli inayofanya kazi. Mfungo ukirefuka, moyo hutumia pia ketoni zinazotengenezwa na ini.

Moyo wenye afya unafanana na mfanyabiashara wa Butembo. Huyu hategemei barabara moja: bidhaa za ng'ambo humfikia kupitia mpaka wa Kasindi, vyakula hutoka Lubero, na barabara moja ikifungwa kwa sababu ya usalama, hugeukia nyingine ili duka lisifungwe. Moyo nao huchagua kinachopatikana, na uhodari wake uko katika kugeuka haraka.

Anayeuambia moyo ugeuke ni insulini.

> Uhodari wa moyo hauko katika kupenda sukari au mafuta, bali katika kugeuka haraka kutoka kimoja kwenda kingine.

Chakula kikiingia tumboni, sukari ya damu huanza kupanda. Kwa mtu mwenye afya ambaye hajala huwa kati ya miligramu 70 na 100 kwa desilita, na baada ya mlo huweza kufika 130 au 140, halafu hurudi chini ndani ya saa mbili au tatu. Kongosho hugundua kupanda huko na kumwaga insulini kwenye damu. Ndani ya dakika chache insulini huamrisha seli za moyo zisogeze juu, kwenye utando wake, vibebeo vya glukosi vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani. Wakati huo huo huzuia tishu za mafuta zisitoe mafuta mengi kwenye damu. Moyo hupunguza kuchoma mafuta na kuongeza kuchoma sukari.

Mabadiliko hayo yana faida. Kwa kila kiasi cha oksijeni kinachotumika, glukosi hutoa nishati zaidi ya mafuta kwa takriban asilimia 10. Kwa mtu anayesukuma mzigo kupanda kilima, hilo si dogo.

Mwaka 1963 Mwingereza Philip Randle na wenzake walieleza jinsi mafuta na sukari vinavyoshindania nafasi ndani ya seli: kimoja kikichomwa kwa wingi, kingine huzuiwa. Kanuni hiyo bado ndiyo msingi wa kuelewa chakula cha moyo.

Zaidi ya kushusha sukari

Insulini ilipatikana kama dawa huko Toronto, Canada, kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Januari 1922 kijana Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Tangu hapo wengi huijua kama dawa ya kushusha sukari tu. Mwilini kazi zake ni nyingi kuliko hiyo.

Mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwapa vijana wenye afya insulini huku wakiwadhibiti sukari isishuke. Mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Neva zinazouchochea moyo na kubana mishipa zilizidisha kazi, lakini mishipa ya mkono ilitanuka na damu ikapita kwa wingi. Nguvu hizo mbili zilisawazishana, na shinikizo la damu halikupanda.

Mizani hiyo ndiyo afya yenyewe. Insulini huwezesha ukuta wa mishipa kutoa nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa. Huziamrisha pia figo zibakize chumvi. Mwili unapoisikia insulini vizuri, kulegea kwa mishipa hufidia mengine.

Mwili unapoanza kuwa mzito kuisikia, hali ambayo madaktari huiita ukinzani wa insulini, kongosho humwaga insulini zaidi ili kipimo cha sukari kibaki kizuri. Hapo ndipo hatari hujificha. Kulegea kwa mishipa hupungua, lakini uchochezi wa neva na ubakizaji wa chumvi huendelea. Mtu hupima sukari, huambiwa iko sawa, kumbe shinikizo la damu limeanza kupanda na moyo wake umeanza kubaki kwenye mafuta muda mwingi kuliko inavyofaa.

Mmarekani Gerald Reaven alilieleza kundi hili la dalili mwaka 1988: ukinzani wa insulini, shinikizo la damu, mafuta mabaya ya damu na sukari inayopanda, vyote vikitembea pamoja kuelekea ugonjwa wa moyo.

Sukari ikishuka mno

Upande wa pili wa mizani ni sukari kushuka. Kwa mtu mwenye afya, ikikaribia miligramu 68 kwa desilita mwili humwaga adrenalini. Moyo hupiga kwa nguvu, jasho humtoka, mikono hutetemeka. Kongosho na ini kwa kawaida hurekebisha mambo mapema.

Lakini kuna hali zinazovunja ulinzi huo, na mbili zinaihusu Kivu moja kwa moja.

Ya kwanza ni pombe kwenye tumbo tupu. Pombe hulizuia ini lisitengeneze sukari mpya. Mtu aliyefanya kazi kutwa bila kula, kisha akanywa kasiksi au pombe kali, anaweza kuanguka kwa sukari kushuka huku walio karibu wakidhani amelewa tu.

Ya pili ni malaria kali na kwinini. Maganda ya mti wa kwinini huvunwa katika vilima vya Kivu Kaskazini, na Butembo ni moja ya masoko yake. Dawa inayotoka humo imeokoa maisha ya wengi. Lakini kwinini huichochea kongosho kumwaga insulini, na malaria kali yenyewe hula sukari ya damu. Hivyo mtoto au mama mjamzito asiye na kisukari anaweza kuzama katika upungufu wa sukari akiwa kitandani, na watu wakadhani ni malaria imempanda kichwani.

Utafiti uitwao AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo. Waliopewa atesuneti, asilimia 8.5 walifariki, waliopewa kwinini, asilimia 10.9. Visa vya sukari kushuka baada ya kuanza matibabu vilikuwa pia vichache zaidi kwa atesuneti. Shirika la Afya Duniani sasa linaitanguliza atesuneti. Pale ambapo haipo na kwinini ndiyo inayotumika, tone la damu la kupima sukari halipaswi kukosa.

> Kwinini huichochea kongosho kumwaga insulini. Mgonjwa wa malaria asiye na kisukari naye anahitaji kupimwa sukari.

Usiku wa Beni

Kuna jambo ambalo mjadala wa sukari huliacha kando, nalo ndilo kubwa zaidi hapa.

Mwaka 1999 Karine Spiegel na Eve Van Cauter wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wenzao, waliwachukua vijana 11 wenye afya na kuwaruhusu kukaa kitandani saa 4 tu kwa usiku, siku 6 mfululizo. Chakula kilidhibitiwa. Mwisho wa siku hizo miili yao iliondoa glukosi kwenye damu polepole zaidi, kwa tofauti ya takriban asilimia 40, ukilinganisha na walipolipa deni la usingizi. Kotisoli, homoni ya msongo, ilikuwa juu zaidi jioni, na neva zinazouchochea moyo zilikuwa zimezidi nguvu.

Hao walikuwa vijana wazima kabisa. Hakuna aliyebadilishiwa kitu kingine ila usiku.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamewanyima watu wa eneo la Beni usiku wa kulala, si kwa siku 6 bali kwa miaka. Wakulima hukimbia mashamba ya kakao na mihogo, hujazana kwa jamaa mjini, hulala wengi chumba kimoja huku sikio likiwa nje. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, Butembo nayo imeishi na hofu ya vita inayokuja kutoka kusini, na imepokea waliokimbia mapigano ya Lubero.

Hofu huumwagia mwili adrenalini na kotisoli. Homoni hizo hupandisha sukari na kuifanya sauti ya insulini isisikike vizuri. Kwa saa moja ya hatari, ni ulinzi: misuli hupata nguvu ya kukimbia. Kwa mwaka mzima, ni mzigo juu ya moyo na mishipa.

Ongeza kwamba aliyekimbia shamba lake hatembei tena kilomita zile alizokuwa akitembea, na misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata bila kusubiri insulini. Ongeza kwamba sahani ya maharagi, sombe na viazi vitamu imegeuka bugali mweupe wa msaada, au mkate na soda. Vitu vinne vilivyokuwa vikimlinda mtu mwenye afya, yaani usingizi, mwendo, chakula chenye nyuzinyuzi na utulivu, huondolewa kwa pamoja.

Mpaka uko wapi?

Wataalamu hawakubaliani kuhusu lini sukari huanza kuudhuru moyo.

Kipimo cha kisukari kinajulikana: miligramu 126 kwa desilita au zaidi kabla ya kula. Kwa waliokwisha vuka mpaka huo, ushahidi ni mzito. Uchunguzi wa mji wa Framingham, Marekani, ulionesha mwaka 1974 kwamba kisukari kiliongeza hatari ya moyo kushindwa kazi zaidi ya mara 2 kwa wanaume na takriban mara 5 kwa wanawake.

Kwa walio chini ya mpaka, upande mmoja unasema hatari ni mteremko usio na ukingo. Mwaka 2001 uchunguzi wa Norfolk, Uingereza, ulionesha kwamba hata kwa wanaume wasio na kisukari, kadiri wastani wa sukari ulivyokuwa juu ndivyo vifo vilivyoongezeka.

Upande wa pili unajibu kwamba mteremko huo ni mdogo. Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet ulithibitisha kuwa kisukari huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu mara 2. Kwa wasio na kisukari, hata hivyo, kiwango cha sukari kabla ya kula kilikuwa na uzito mdogo, na ndani ya viwango vya kawaida hakikuonesha hatari inayopanda.

Pande zote mbili zinakutana mahali pamoja: kumshusha mtu sukari kwa nguvu si jibu. Jaribio la ACCORD huko Amerika Kaskazini, lenye wagonjwa wa kisukari 10,251, lilisimamisha sehemu yake ya matibabu makali Februari 2008 kwa sababu waliotibiwa kwa ukali walifariki kwa wingi zaidi.

Kilichofanya kazi ni mwenendo wa maisha. Huko Da Qing, China, watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda waliingizwa katika mpango wa lishe na mazoezi kuanzia mwaka 1986. Miaka 30 baadaye, waliopata msaada huo walikuwa wamecheleweshewa kisukari kwa karibu miaka 4, na matukio ya moyo na mishipa yalikuwa yamepungua kwa asilimia 26.

> Da Qing haikutumia dawa. Ilitumia chakula na mwendo, na matunda yake yalionekana kwa miaka 30.

Chupa ya serumu na chupa ya soda

Katika vituo vya afya vya mashariki mwa Kongo, mtu aliyechoka mara nyingi huomba serumu ya glukosi ili apate nguvu. Na wapo wanaodhani kwamba moyo dhaifu ukimwagiwa sukari utaimarika.

Wazo hilo lilikuwa na mtetezi mkubwa. Mwaka 1962 daktari wa Mexico, Demetrio Sodi-Pallares, alipendekeza waliopatwa na shambulio la moyo wapewe glukosi, insulini na potasiamu kwa pamoja. Kwa miongo kadhaa matumaini yalikuwa makubwa. Jaribio la CREATE-ECLA la mwaka 2005, lenye wagonjwa 20,201, lilimaliza ubishi: baada ya siku 30 walikuwa wamefariki asilimia 10.0 ya waliopewa mchanganyiko huo na asilimia 9.7 ya wasiopewa. Faida haikuonekana.

Hesabu inasaidia kuona ukubwa wa jambo. Damu yote ya mtu mzima aliyefunga ina takriban gramu 5 tu za glukosi, sawa na kijiko kimoja cha chai. Nusu lita ya serumu ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25. Chupa ya soda ya mililita 330 ina gramu 35 hivi. Serumu ina kazi yake kwa mgonjwa asiyeweza kula au aliyeshukiwa na sukari. Mwenye afya aliyechoka anahitaji chakula, maji na kulala.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana asilimia 5, yaani gramu 25 hivi. Soda moja inavuka kiwango hicho cha pili. Msukuma chukudu ataichoma sukari yake mlimani. Mwenye duka anayekaa kwenye kiti kutwa na kunywa soda tatu anaiacha kongosho yake ifanye kazi ambayo misuli ingeifanya.

Vipaumbele vinavyogongana

Wapo watakaosema kwamba mji unaohesabu maiti za vita hauna nafasi ya kupima sukari ya watu wazima wa afya. Hoja hiyo ina uzito. Fedha za afya hapa huenda kwanza kwa majeraha, kipindupindu, surua na utapiamlo, na hakuna mwenye moyo atakayetaka ziondolewe huko.

Lakini Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 24 katika kanda yake ya Afrika walikuwa na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawakujua. Wasiojua hufika hospitalini moyo, figo au macho yakiwa yameharibika, kwa gharama ambayo familia iliyokimbia shamba haiwezi kuilipa.

Na miji hii imewahi kuonesha kwamba inaweza. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, Beni, Butembo na Katwa zikawa kitovu chake. Hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287 kati ya 3,470 walioambukizwa. Katika kipindi hicho, katikati ya mashambulizi na kutoaminiana, watu walipimwa joto vizuizini, maabara ziliwekwa karibu na wagonjwa, na wahudumu wa hapa walifuatilia jamaa za wagonjwa nyumba kwa nyumba.

Wengi walilalamika wakati ule kwamba dunia iliwaona kwa sababu ya Ebola tu, wakati wakifa kwa mengine. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Njia ya kuyajibu ni kuutumia uzoefu ule kwa maradhi ambayo hayatangazwi kwa king'ora.

Yanayowezekana sasa

Mambo ya kufanya si ya gharama kubwa. Kila kituo cha afya kiwe na kipimo cha shinikizo la damu na cha sukari, vitumike siku za kliniki za wajawazito na za chanjo, kwa yeyote aliyepita miaka 40, mwenye tumbo kubwa, au mwenye ndugu wa kisukari. Kipimo cha baada ya kula kisitumike kumtia mtu hofu. Arudi asubuhi kabla hajala. Kila mgonjwa wa malaria kali apimwe sukari, na anayepewa kwinini apimwe tena na tena.

Mashirika yanayogawa chakula kwa waliokimbia yaweke maharagi mengi zaidi kando ya unga. Yanayojenga makazi ya muda yahesabu usingizi kuwa sehemu ya afya: nafasi ya kulala, mwanga, na ulinzi wa usiku.

Kwa mtu binafsi, kutembea dakika 15 baada ya mlo huisaidia misuli kuichukua sukari. Kupunguza sukari ya chai kidogo kidogo kunawezekana. Kutokunywa pombe bila kula kunaokoa.

Lakini hakuna ushauri wa chakula utakaoziba pengo la usalama. Serikali, jeshi na kikosi cha Umoja wa Mataifa hupimwa kwa idadi ya vijiji vilivyokombolewa na waasi waliouawa. Wapimwe pia kwa idadi ya usiku ambao mkulima wa Beni analala hadi asubuhi nyumbani kwake na kuamka kwenda shambani kwa miguu. Amani ya namna hiyo ingewalinda wasio wagonjwa wa miji hii miwili dhidi ya ugonjwa wa moyo kuliko dawa yoyote iliyopo katika duka la dawa.